Kioo Katika Mfupa wa Binadamu

Mtoto mmoja wa chuo chetu, umri wake miaka tisa, alikuja asubuhi moja hali gego lake limezibwa kwa dawa nyeupe. Wenziwe walipomwuliza ni kitu gani kile, aliwajibu kwa fahari kwamba daktari wa meno amemwambia ni unga wa kioo uliokorogwa kwa maji ya tindikali. Pakaangushwa kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Mwalimu, huyu amekula chupa!" Tukawanyamazisha, tukaendelea na somo, tukidhani maneno yamekwisha.

Kumbe hayakwisha. Siku ya pili yake akaja bibi yake mtoto huyo, amejitanda buibui lake, uso umejaa mashaka.

"Shikamoo, Mama," tukamwamkia.

"Marahaba, Mwalimu. Nimekuja na maswali mawili. La kwanza ni la mjukuu wangu. Tangu jana hali chakula. Anasema kioo kitamkata matumbo. Je, nimrudishe akang'olewe jino hilo? La pili ni la kaka yangu. Mwaka jana alivunjika nyonga, akatiwa nyonga ya chuma, nasi tukaambiwa imeshikizwa kwa saruji. Saruji gani hiyo, Mwalimu? Hii tunayojengea nyumba?"

Wasomaji wetu, hatuna budi kukiri. Ulimi wetu ulikuwa karibu kusema, "Mng'oe, Mama, upate kulala." Mwalimu wa chuo akiulizwa, watu hudhani analo jawabu la kila jambo, naye huona haya kusema hajui. Lakini gego lile ni la kudumu. Likitoka halirudi tena. Tukamwomba Mama atupe siku chache. Tukamwendea daktari wa meno, tukauliza, tukasoma tulichoweza kukisoma. Na haya yafuatayo ndiyo tuliyoyapata. Tunayaandika kwa kuwa twaamini nyumba nyingi zina maswali kama yake.

KIOO NI KITU GANI?

Asili ya kioo ni mchanga. Mchanga mweupe ulio safi wataalamu huuita silika, nao ni mkusanyiko wa atomi za silikoni na za oksijeni, mbili za oksijeni kwa kila moja ya silikoni. Mchanga huo ukipikwa peke yake hauyeyuki mpaka moto ufikie kadiri ya digrii 1700. Kwa sababu hiyo mafundi wa kale wa Misri na Sham walichanganya magadi ili uyeyuke kwa moto ulio mdogo zaidi, na chokaa ili kioo chenyewe kisiliwe na maji. Bilauri tunazonywea na vioo vya madirisha yetu hata leo ni mchanga, magadi na chokaa.

Sasa tutazame ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Katika chumvi au almasi, atomi zimejipanga safu kwa safu, kama watu waliosimama katika sala ya jamaa: ukijua alipo wa kwanza, waweza kujua atakapokuwa wa mia. Mpango wa namna hiyo huitwa fuwele. Kioo sicho hivyo. Mwaka 1932 mtaalamu mmoja mzaliwa wa Norwe, William Zachariasen, aliyekuwa akisomesha katika Chuo Kikuu cha Chicago, aliandika makala fupi yaliyowafungua macho wenziwe. Alisema kwamba katika kioo kila atomi ya silikoni imeshikana na atomi nne za oksijeni, kama ilivyo katika fuwele. Lakini safu hazipo. Kila mmoja amemshika jirani yake, ila hakuna aliyetazama mstari.

Sisi watu wa pwani twaweza kulifahamu jambo hili kwa mfano wa wavu. Mshike mvuvi aliyeshona wavu wake gizani, akautupa ukajikunja mchangani. Mafundo yote yamo, nyuzi zote zimo, hakuna uzi ulioachwa bila kufungwa, bali matundu hayalingani. Mafundo ni silikoni, na kila fundo lina nyuzi nne. Uzi unaounga fundo na fundo ni oksijeni. Huo ndio wavu wa kioo.

Ama magadi na chokaa, hivyo havishoni, hivyo hukata. Sodiamu iliyomo katika magadi na kalsiamu iliyomo katika chokaa zikiingia katika wavu, huzikata baadhi ya nyuzi na kuzikalia ncha zake. Nyuzi zikikatwa chache, kioo huwa kigumu na hakidhuriki kwa maji, kama kile cha dirishani. Nyuzi zikikatwa nyingi, wavu hulegea, na maji hupata njia ya kuingia. Hilo kwa fundi wa bilauri ni hasara. Lakini, kama tutakavyoona, hasara ya fundi mmoja ilikuwa faida ya mwingine.

SWALI LILILOULIZWA NDANI YA BASI

Mwaka 1967 bwana Larry Hench, mwalimu wa elimu ya vioo na vyungu katika Chuo Kikuu cha Florida huko Marekani, alikuwa safarini kwa basi katika jimbo la New York, akienda kwenye mkutano wa wataalamu. Jirani yake katika kiti alikuwa kanali wa jeshi aliyekuwa ametoka karibuni katika vita vya Vietnam. Hench akawa anamsimulia habari za vioo vyake vinavyostahimili mionzi mikali. Kanali akamwuliza: je, aweza kutengeneza kitu kitakachostahimili kukaa ndani ya mwili wa binadamu? Maana vijana walikuwa wakikatwa miguu na mikono, kwa kuwa mwili hukikataa chuma na plastiki walivyotiwa.

Swali hilo halikumwacha. Alifikiri hivi: mfupa wetu kwa uzito wake, kadiri ya theluthi mbili ni madini, na madini hayo ni kalsiamu na fosfati. Basi kwa nini tusitengeneze kioo chenye kalsiamu na fosfati, ambacho mfupa utakiona si mgeni? Mwaka 1969 alichanganya sehemu 45 za silika katika mia, 24.5 za oksidi ya sodiamu, 24.5 za oksidi ya kalsiamu, na 6 za oksidi ya fosforasi. Daktari mwenziwe, Ted Greenlee, akavitia vipande vya kioo hicho katika mifupa ya mapaja ya panya. Baada ya wiki sita akaleta habari ya ajabu: vipande vile havitoki. Ukivisukuma havitikisiki, kioo na mfupa vimekuwa kitu kimoja.

Siri yake ni ule wavu. Katika kioo cha Hench nyuzi zilizokatwa ni nyingi mno, hata kwa wastani kila fundo limebakiwa na nyuzi mbili tu katika nne za kushikana na wenziwe. Majimaji ya mwili yakikigusa, sodiamu hutoka upesi na nafasi yake hushikwa na haidrojeni. Uso wa kioo hugeuka utando laini wa silika. Juu ya utando huo kalsiamu na fosfati hukusanyika, hata baada ya saa kadhaa hufanya fuwele zinazofanana na madini ya mfupa wenyewe. Chembechembe za mwili zijengazo mfupa zikifika hapo, huona uwanja wa nyumbani, zikaanza kazi.

Kioo hicho kiliruhusiwa Marekani mwaka 1985 kwa kutengeneza vifupa vya ndani ya sikio, na mwaka 1993 kwa kuzibia mifupa ya taya iliyoliwa na maradhi ya ufizi. Hench alifariki mwaka 2015. Hata hivyo kioo chake kina dosari ambayo kila mtoto aijua: kioo huvunjika. Hakiwezi peke yake kubeba uzito wa mtu anayetembea.

SARUJI YA NYONGA

Hapa twafikia swali la pili la Mama. Tangu zamani madaktari walitafuta kitu cha kumiminwa mfupani kikiwa laini, kisha kikaganda. Katika mwaka 1892 daktari Dreesmann wa Ujerumani aliziba matundu ya mifupa kwa plasta. Lakini saruji iliyoenea dunia nzima ni ile aliyoitumia John Charnley huko Uingereza kuanzia mwaka 1958, alipokuwa akishikiza nyonga za chuma. Hiyo haina jamaa na saruji ya kujengea nyumba. Ni plastiki ya akriliki, ileile inayotengenezewa vioo visivyovunjika. Unga na maji yake hukorogwa palepale katika chumba cha upasuaji, na baada ya dakika chache huwa jiwe.

Saruji ya Charnley imewanyanyua vitandani mamilioni ya wazee, wala mtu asiidharau. Lakini ina mambo mawili. Kwanza, inapoganda hupata moto mkali uwezao kuunguza mfupa ulio karibu. Pili, haishikani na mfupa kama gundi. Hujaza tu vishimo vyake, kama kabari ijazavyo nafasi. Kwa hiyo wataalamu wakajiuliza: je, hatuwezi kupata saruji iliyotokana na kioo, isiyounguza, na inayoshikana na mfupa kwelikweli?

SARUJI YA JINO

Saruji ya namna hiyo ilikuwa imekwisha kupatikana, ila ilikuwa ya meno. Ilivumbuliwa London mwaka 1969 na Alan Wilson na Brian Kent katika maabara ya serikali. Walichukua kioo chenye silika, alumina, kalsiamu na florini, wakakisaga unga mwembamba, wakaukoroga kwa tindikali isiyo kali ambayo molekuli zake ni ndefu kama nyuzi.

Hapa lazima tumwangalie mgeni aitwaye aluminiamu. Aluminiamu ikiingia katika wavu wa kioo hukaa mahali pa silikoni na kujifanya fundo. Lakini ni fundo dhaifu, na tindikali hulifungua kwa urahisi. Kioo kisichokuwa na fundo hilo, kama cha dirishani, tindikali hiyo haikifanyi kitu. Mafundo yakifunguka, kalsiamu hutoka kwanza, na aluminiamu baadaye. Zote mbili huzikamata zile nyuzi ndefu za tindikali na kuzifunga pamoja. Ndipo ujiuji ule ukaganda, bila ya moto wa kuunguza. Tena tindikali hiyo hushikana na kalsiamu ya jino lenyewe, na florini hutoka kidogokidogo ikilinda jino lisioze zaidi.

Habari hii inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Katikati ya miaka ya 1980, daktari Jo Frencken kutoka Uholanzi na wenziwe katika skuli ya madaktari wa meno ya Dar es Salaam walikuwa wakitafuta njia ya kuwatibu watu wa vijijini wasio na umeme wala mashine. Wakaanza kuondoa uozo wa jino kwa vyombo vya mkono tu, kisha kuliziba. Baadaye saruji ya kioo ikawa ndiyo ya kuzibia, kwa kuwa hushika bila ya kuhitaji jino kuchimbwa sana. Njia hiyo iliyoanzia kwetu ilipata kuungwa mkono na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994, ikaenea katika nchi nyingi. Na mwaka 2021 shirika hilo liliitia saruji ya kioo katika orodha yake ya dawa za lazima.

MSIBA WA MWAKA 1994

Basi mtu atasema: ikiwa saruji hiyo ni njema kwa jino, na mfupa ni ndugu wa jino, si itiwe mfupani? Ndivyo walivyofikiri baadhi ya madaktari wa Ulaya. Wakaitumia kuziba mfupa wa fuvu nyuma ya sikio baada ya upasuaji. Lakini huko si kinywani. Kinywani aluminiamu kidogo itokayo huenda na mate, na tumbo hulipokea kidogo mno. Nyuma ya fuvu pana maji yanayouzunguka ubongo. Saruji ilipogusana na maji hayo kabla haijakomaa, aluminiamu ikapenya. Mwaka 1994 jarida la madaktari la The Lancet lilieleza habari za wagonjwa waliopatwa na kifafa na kuharibikiwa na akili baada ya upasuaji huo, na baadhi yao wakafa.

Haikuwa mara ya kwanza kwa madini hayo kuonyesha ubaya wake. Katika miaka ya 1970 ilikwisha kubainika kwamba wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine walikuwa wakiharibika ubongo kwa sababu ya aluminiamu, nayo ilikuwamo hata katika maji ya mashine hizo. Aidha aluminiamu huuzuia mfupa mpya usipate ugumu wake.

Hapa ndipo tulipotua kalamu kidogo tukafikiri. Kitu kimoja, kwa kipimo kimoja, kikiwekwa hapa ni dawa, kikiwekwa pale, mahali pasipozidi shubiri moja kutoka pa kwanza, ni sumu. Waliokitumia hawakuwa watu waovu. Walikuwa wataalamu wenye nia njema, waliokipima kitu kwa pale walipokijua, wakakipeleka wasipopajua. Na sisi tuliokuwa karibu kumwambia Mama "Mng'oe", je, tuna tofauti gani nao?

KUZITAZAMA ATOMI

Baada ya msiba huo wataalamu walifahamu kwamba haitoshi kujua kioo kimepikwa kwa vitu gani. Yapasa kujua kila atomi imekaa wapi na imeshikana na nani. Atomi hazionekani kwa darubini ya kawaida. Umbali kati ya silikoni na oksijeni ni mdogo hivi: ukiigawa milimita moja katika sehemu milioni kumi, umbali huo hautimii sehemu mbili. Basi huzitazama kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni miale ya eksirei. Ikipigwa kwenye fuwele hurudi kwa alama kali zilizopangika. Ikipigwa kwenye kioo hurudi kama duara la ukungu. Lakini ndani ya ukungu huo hesabu hutolewa, na umbali wa atomi ukajulikana. Njia ya pili ni nyutroni, ambazo hupatikana kwa mitambo mikubwa kama ule uitwao ISIS karibu na Oxford, uliotoa nyutroni zake za kwanza mwaka 1984. Nyutroni huziona vizuri atomi nyepesi, kama oksijeni na haidrojeni, ambazo eksirei hupita karibu bila kuzijali. Njia ya tatu ni sumaku yenye nguvu nyingi, ambayo huzihesabu nyuzi za kila fundo. Kwa sumaku hiyo imeonekana kwamba aluminiamu ndani ya kioo imeshikana na oksijeni nne, na saruji inapoganda hugeuka ikashikana na sita. Kwa hiyo mtaalamu aweza kukaa akaifuata saruji inavyokomaa, kama mpishi anayeutazama wali unavyokauka maji.

Kwa maarifa hayo wamekuwa wakitafuta fundo jingine badala ya aluminiamu. Lililojaribiwa zaidi ni zinki, ambayo mwili wenyewe huihitaji. Zinki nayo huingia katika wavu na kufunguliwa na tindikali. Katika Chuo Kikuu cha Limerick, Ireland, na kwingineko, zimetengenezwa saruji nyingi za kioo cha zinki. Taabu yake ni kwamba huganda upesi mno, kabla mkono wa daktari haujamaliza kazi. Tena nguvu zake ni haba zikilinganishwa na za saruji yenye aluminiamu. Na zinki ikizidi, nayo hudhuru chembechembe za mwili. Wengine wametia germaniamu ili kuchelewesha kuganda, wengine strontiamu badala ya kalsiamu, ambayo husaidia mfupa na kuonekana wazi katika picha ya eksirei. Ukirekebisha hili, lile huharibika. Kazi inaendelea.

JAMBO MOJA LA NYUMBA ZETU

Baadhi ya wasomaji watauliza habari ya uhalali. Ni kweli kwamba vitu vingine vinavyotumiwa kuziba mifupa hutokana na mifupa ya wanyama, wa ng'ombe na hata wa nguruwe. Mgonjwa anayo haki ya kumwuliza daktari wake kabla ya upasuaji, na kumwuliza sheikh wake hukumu yake. Ama kioo, hakina mnyama ndani yake. Asili yake ni mchanga na madini.

JAWABU LA MAMA

Siku ya tano tulikwenda nyumbani kwa Mama. Tukamweleza kwamba saruji ya kaka yake si ya kujengea nyumba wala si kioo, bali ni plastiki inayojulikana kwa miaka mingi, na kwamba maumivu yoyote ya nyonga yasifichwe, daktari aambiwe. Kisha tukamwita mjukuu wake. Tukamwonyesha kipande cha chupa na punje za sukari katika kisahani. Tukamwambia kwamba unga wa kioo aliotiwa umekwisha kuliwa uso wake na tindikali, ukafungwa pamoja, ukawa kama jiwe la chokaa. Hauna makali ya kumkata mtu.

Mtoto akaligusa gego lake kwa ulimi, akafikiri. "Kwa hivyo sikula chupa?"

"Hukula chupa."

"Basi nina njaa."

Mama akacheka mpaka machozi yakamtoka, akaingia jikoni. Gego lipo hata leo, na mwenyewe hulipigia mswaki kuliko mengine yote.

Ndugu wasomaji, hatukuwa na elimu ya kumjibu Mama siku ya kwanza, wala hatudai kuwa sasa tumekuwa wataalamu. Tulichokuwa nacho ni siku chache za subira, na daktari aliyekubali kuulizwa. Mzazi akiona mtoto wake ametiwa kitu asichokijua, na aulize kabla ya kuamuru king'olewe. Na mwalimu anapoulizwa asilolijua, na aseme, "Nipe siku mbili." Wallahu aalam.